Peris Alipopisha Kwenye Barafu

Jumapili, 12 Januari 2003
Peris amepiga simu kutoka Uholanzi, kwenye mbio zake za kuteleza barafuni. Amemshinda yule aliyeteleza naye! Nimepiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kumbe mjukuu wangu amekuwa wa kumi na tisa. Nikamuuliza, mlikuwa wawili, umemshinda mmoja, hao wengine wametoka wapi? Akacheka. Ati wanatoka wawili wawili, lakini kila mtu anashindana na saa. Mashindano gani hayo? Mtu unamshinda anakuona!
Na zile nguo zao za kubana. Nimesema, nimechoka kusema. Mtoto wa Taita kwenye barafu! Lakini kanisani nimewaambia wote. Wajue.

Jumamosi, 18 Januari
Bridget, mamake Peris, ametoka zamu ya hospitali akaniambia hata kabla ya kuvua koti: Peris ameharibu. Alipunguza mwendo katikati ya mbio! Kocha anasema ni mwoga. Mwoga! Huyo kocha aje hapa Wembley aniambie mimi.
Amebakishiwa mbio moja, Jumapili ya tarehe 26. Akiharibu tena, timu inamwacha. Aliacha chuo kwa ajili ya barafu hii.

Jumanne, 21 Januari
Mwenzake Peris wa timu ameleta kaseti ya video ya ile mbio. Nimeitazama nyumbani kwa Surinder. Huyu ni Muhindi wa Kisumu, mjane kama mimi, kazi yetu ni kugombana kwa Kiswahili.
Wanateleza kila mtu na njia yake, mmoja ya ndani, mwingine ya nje, halafu upande wa nyuma wanabadilishana. Anayetoka nje kuingia ndani ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, mwenzake angoje. Bridget alinieleza. Peris alikuwa anatoka nje. Yule mwingine Mjerumani, mama mzima. Wakafika pamoja. Na aliyengoja ni Peris!
"Mtoto amechoka," Surinder akasema. "Ulimnyima maziwa."
Nikamwambia rudisha nyuma. Akarudisha. Rudisha tena, nikasema, acha mdomo.
Goti linakunjika kidogo. Macho yanashuka. Mjerumani anapita.
Kile si woga. Kile nakijua! Nilimfunza mimi, kwenye korido ya nyumba yangu, akiwa hajafika kiunoni mwangu. Mkubwa hakatizwi mbele. Unajikunja, unashusha macho, anapita, ndipo na wewe upite. Akikosea namrudisha mlangoni, aanze upya. Alilia. Lakini akajua.
Nikamweleza Surinder.
"Basi ni wewe umemtoa kwenye timu, dada."
Nikamwambia chai yake ni maji matupu, nikaondoka.

Alhamisi, 23 Januari
Nimekasirika, sijui na nani. Mtoto ameonyesha adabu mbele ya Wazungu wote, na kamera juu — si ni sifa? Mbona basi inaniuma?
Nimegombana na dereva wa basi bure.
Bridget sijamwambia.

Jumamosi, 25 Januari
Peris amepiga. Mbio ni kesho. Amepangiwa njia ya nje tena, na Mjerumani yule yule!
"Nyanya," akasema, "sheria naijua. Lakini nikimwona tu kwa kando, goti linajikunja lenyewe."
Kwa Kiswahili! Huyu ananijibu Kiingereza tangu ajue kusema.
Nikamuuliza, huyo mama ana miaka mingapi. Thelathini na mbili. Nikamwambia, thelathini na mbili ni mtoto! Akasema, kwako, Nyanya. Mimi nina ishirini na moja.
Halafu: "Niruhusu nimkatize."
Nikamwambia ngoja, maharagwe yanaungua. Sijabandika maharagwe. Simu nimeiweka mezani, naandika, labda nikiliona jibu kwa macho nitalijua. Nikimwambia katiza, kesho atamkatiza nani? Mamake? Mimi? Nikimwambia ngoja, atarudi hapa na begi lake, anipishe koridoni kila asubuhi, na mimi nipite. Nitapitaje?
Na mbona aombe ruhusa? Hao wengine wameomba kwa nani?
"Nyanya? Maharagwe yamepona?"
Ananicheka, mshenzi huyu. Nimeshika simu kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Nimemuuliza, hapo hotelini kuna korido? Akasema ipo. Ina watu? Kuna kocha wake amesimama katikati, anaongea na watu.
Kocha. Mtu mzima yule, ana mvi.
Nikamwambia, nenda mlangoni, Peris. Tunaanza upya, lakini leo macho juu, hakuna kujikunja.
Nasikia nyayo zake. Zimesimama. Amefika mlangoni, anapumua, anangoja nimwambie pita.