Gaborone Sijamlimia Mtu

Baba Kavata,

Muthokoi uko kwa sufuria nyeusi, pasha tu. Mbuzi nimemfunga nyuma ya choo. Usimfungulie, atamaliza kunde. Chumvi imeisha.

Asubuhi ulipokuwa ukilinganisha bei ya unga hapa Mbooni na Gaborone, kodi ya nyumba, nauli, nilitoka kumfunga mbuzi ukadhani nimenuna. Sikununa. Niliogopa, na bado naogopa.

Ulisema huko mwalimu analipwa mara tatu ya hapa. Sawa. Halafu ukasema kumzaa Kavata hapa hakukutugharimu kitu, akina mama wa kikundi cha mwethya walikuja tu na maji, kuni na uji. Walikuja tu? Mwalimu mzima! Nilikuwa nimewalimia mashamba yao, kila mmoja kwa zamu yake. Hata leo zamu ni ya Muthoki, naenda kwake kuchimba matuta na tumbo hili, ingawa wewe unataka huyu azaliwe huko.

~~Mimi siendi.~~ Nitaenda, wewe ni mume wangu. Lakini Gaborone sijamlimia mtu hata mstari mmoja. Uchungu ukinishika usiku, nimwite nani, na aje kwa nini?

Mama Kavata