Fundo la Ndama kwenye Upanga wa Gwaride

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Nyanjige binti Kidola
Umri: Miaka hamsini na kitu
Kazi: Mkulima na mfugaji
Makazi: Kijiji cha Ujamaa, Nkololo, Wilaya ya Bariadi
Tarehe: 8 Julai 1975

Nimeonywa niseme kweli. Afande, hapo umenipotezea muda, uongo unanishinda.

Mnamo tarehe 7 Julai 1975, saa nne asubuhi, nilikuwa uwanja wa shule kwenye sherehe za Saba Saba. Joakim, mume wa binti yangu Milembe, aliongoza gwaride la mgambo. Alishika upanga wa marehemu mume wangu Shija, aliopewa na ofisa wake siku za Keya, jeshi la Mwingereza.

Marehemu alinifundisha ule upanga utadhani mimi ni kuruta. Kwenye mpini kuna kitanzi cha ngozi. Watu hudhani ni pambo. Pambo wapi! Unapitisha mkono, unakisokota mara mbili, ili vidole vikilegea vitani upanga uning'inie mkononi, usiokotwe na adui. Ndiyo maana hushonwa, hakifungwi fundo.

Kile cha zamani kililiwa na panya. Joakim akakata kamba mpya, akaifunga kwenye mpini kwa fundo tunalofungia ndama: ukivuta mkia wa kamba linafunguka lote, ndama akanyonye. Ndivyo mikono yetu ilivyozoea. Nilipouona mkia ule unaning'inia, moyo ulinilipuka.

Sasa mimi ni mama mkwe. Kwetu mama mkwe hamsogelei mkwilima wake, yaani mume wa bintiye, wala hawatazamani usoni. Nikajifunika kanga, nikamwambia Milembe, "Kimbia, mwambie mumeo kafunga fundo la ndama." Milembe akacheka mpaka akakaa chini. "Mayo, mama yangu, hili ni gwaride, si zizi!"

Joakim akapiga saluti mbele ya mgeni rasmi. Kwa maringo, na kwa kukiamini kitanzi, alishika mpini kwa vidole vitatu tu. Aliposhusha mkono, mkia ukanasa kwenye mkanda wake, fundo likafunguka. Upanga ukaruka, ukachoma meza karibu na soda ya mgeni. Mgeni akaanguka na kiti chake.

Mgambo wenzake wakamkamata Joakim papo hapo. Siku mbili kabla alibishana na mgeni huyo mkutanoni juu ya kuhamisha zizi, basi wakasema amekusudia kuua. Joakim! Akichinja jogoo hufumba macho.

Naumia, afande. Milembe ana mimba ya miezi saba, na tangu jana hali chakula. Anakilaani kicheko chake.

Upanga na kamba viko hapo mezani. Lete mkono nikufungie, kisha uvute mkia mwenyewe.

Niliyoyaona nimeyamaliza, ndiyo maelezo yangu. Nina ombi moja: mkimfungulia, nitangulie kutoka, tusije tukakutana uso kwa uso.

Dole gumba la shahidi: Nyanjige

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Amenifungia kitanzi kwa fundo hilo, nimevuta mkia, upanga umedondoka na kutoboa buti langu la kushoto. Nimeridhika. Mtuhumiwa ameachiwa saa tisa alasiri. Kituo kina mlango mmoja, na mtuhumiwa amesimama hapo akimbembeleza mkewe, hawaondoki. Shahidi ametoka kwa kupitia dirishani.

Konstebo Athanasi