Mstari wa Pipa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepoa, na dawa unameza kweli, si kuiweka kabatini ili daktari aione chupa. Mimi ni mzima. Kazini bado natengeneza kompyuta za watu wasiojua hata kuzizima.

Nimempa binamu simu akuletee. Ifungue taratibu. Humo ndani limo Agano Jipya lenu, wewe na marehemu mjomba, kwa lugha yetu, lote. Zile karatasi nilizozipiga picha mezani kwako tumezigeuza. Nilikwambia sisi ni kikundi cha kujitolea: hatulipwi, hatujuani sura, kila mtu yuko kwake. Mmoja anachapa kutoka kwenye picha. Mwingine anatia alama za kuonyesha hapa ni sura, hapa ni mstari, hapa ni tanbihi. Mimi ndiye ninayeiingiza kazi yote kwenye programu ya bure ya kujifunzia Biblia, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua akaitumia. Kabla ya kuitoa tunaikagua kwa mashine, na yenu imepita bila kosa hata moja.

Sasa zimebaki Zaburi. Najua ziko chini ya kitanda, na mende hawajui kusoma, wanajua kula tu. Niruhusu nije nizipige picha nazo. Bila ruhusa yako hatugusi kitu, maana tafsiri ni yako.

Mwanao mwenye furaha

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, na dawa nameza, usinitanie. Simu imefika. Mwanzoni nililia kwa furaha, nikakibusu hata kioo chake. Furaha hiyo imekufa Jumapili.

Unamkumbuka mchungaji wetu mpya, ninayemwita Kipaza kwa sababu hajawahi kusema neno bila kipaza sauti, hata kanisa likiwa tupu. Jumapili alitoa simu yake mfukoni akatangaza kwamba leo anasoma kwa lugha ya nyumbani. Nikakaa vizuri, nikajitengeneza kilemba. Akasoma ule waraka, ile sura ya kusaidiana mizigo, maneno yetu yenyewe, nami nasema moyoni, kazi yetu haikwenda bure. Halafu mwisho wa mstari akasoma: "Lile pipa usilinyanyue peke yako, ningoje nirudi."

Mwanangu, hayo si maneno ya mtume. Ni ya mume wangu.

Unajua tulivyofanya kazi. Mchana mimi nilichapa. Alfajiri, kabla ya kwenda kufundisha, yeye alisahihisha kwa kalamu na kuandika pembeni mwa ukurasa. Mengi yalikuwa ya tafsiri: neno hili zito, neno lile wazee hawatalielewa. Lakini akirudi ananikuta nimelala, nikiamka nakuta ameondoka, kwa hiyo tuliongea humohumo pembeni. Chumvi imekwisha. Mlango wa nyuma unalia, utie mafuta. Siku ile nilikuwa nimetoka hospitali, mimba imeharibika, na pipa la maji liko uani linangoja mtu wa kuliingiza ndani. Ndipo akaandika hayo. Aliniandikia mimi, hakuwaandikia waumini.

Na Kipaza akalihubiri! Ibada nzima. "Mgeukie jirani yako umwulize, pipa lako ni nini?" Fundi cherehani aliyekaa karibu nami akanigeukia, jasho linamdondoka puani, akaniuliza pipa langu ni nini. Nilitamani kumfunga mdomo kwa uzi wake mwenyewe. Nimerudi nyumbani nimefungua simu yako, na limo. Litoe. Na habari ya Zaburi usinigusie tena.

Shangazi yako

22 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Sijui niseme nini kuhusu ile mimba. Baba hakuwahi kutuambia.

Nimelitafuta kosa nikalipata. Maandishi yote ya pembeni tuliyafanya tanbihi, na hapo aliyetia alama alifungua alama ya tanbihi, akasahau kuifunga. Basi programu ikaona maneno ya mjomba ni mwendelezo wa mstari. Na ile mashine ya kukagua inahesabu mistari tu, kama mchunga anayehesabu kondoo jioni bila kuangalia kama mmoja wao ni mbuzi. Hesabu ilitimia, nikashangilia, nikaitoa. Nilipaswa kusoma kwa macho yangu, maana katika kikundi kizima mwenye lugha ni mimi peke yangu. Sikusoma.

Nimeshasahihisha, na maneno mengine yote ya nyumbani nimeyaondoa. Binamu atakuonyesha namna ya kupakua toleo jipya. Mwambie na mchungaji apakue, yataisha.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usiniulize hali. Hali ni ya kutapika.

Kwenye simu yangu umelitoa, ahsante. Nikaenda kwa Kipaza ili na yeye alitoe. Ofisi yake ina zulia jekundu na viti ambavyo hajavivua nailoni, ukikaa vinalia. Akanipa simu yake nitazame. Hiyo si programu yenu! Ni nyingine, ina picha ya njiwa, lakini maneno ni yetu, neno kwa neno, na pipa limo. Kati ya mstari na mstari linatokea gurudumu la kamari linazunguka. Ukilifunga, linatokea tumbo la mwanamke, kwanza kubwa, halafu dogo, eti amemeza vidonge. Nilikuwa nimefungua mateso ya Bwana, na tumbo hilo linanichezea usoni. Nilimrudishia simu yake nikafuta mkono kwenye gauni.

Nikamwambia maneno ya pipa si Neno. Nikamwekea mezani ukurasa wenyewe, mwandiko wa mume wangu, wino umepauka. Aliutazama akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Mama," akasema, "hata kama ni ya marehemu, watu wamebarikiwa. Na fulana tumeshapeleka kuchapishwa."

Huyo njiwa ni wa nani? Nataka kujua.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hapa sote wazima, isipokuwa hasira.

Njiwa ni wa shemeji yake Kipaza, kaka wa mkewe. Siku tulipotoa toleo letu la kwanza, lenye kosa, alilichukua, akalibandika njiwa na matangazo yake. Nimemwandikia kumweleza habari yote, pamoja na ya hospitali, Mungu anisamehe. Alinijibu kwa picha ya dole gumba na maneno matatu: "Watu wameshalizoea pipa."

Nikapeleka kwa kikundi. Msimamizi wetu akasema kazi ilitolewa bure kwa wote, sisi yetu tumesahihisha, ya wengine si juu yetu. Mwingine akasema jambo hili linapendeza, kwamba hata zamani walionakili Biblia kwa mkono waliingiza maneno ya pembeni katikati ya mistari. Wakalijadili kutwa nzima, wakipeana mifano, wakicheka, na hakuna aliyeuliza mwenye pipa anaendeleaje. Nilifunga kompyuta. Nimewaona kinyaa, na mimi mwenyewe nimejiona kinyaa. Ulipotia sahihi karatasi ya ruhusa nilikwambia mtu yeyote ataweza kutumia. Sikukwambia huyo yeyote anaweza kuwa nani.

Kwa Kipaza usiende tena peke yako, nakuomba.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikwenda. Nisingekwenda ningepasuka.

Jumapili kanisa lilikuwa limejaa fulana za pipa, za njano, pipa limechorwa na mabawa. Hata fundi cherehani alivaa, na yeye angeweza kujishonea kitu cha maana. Ulipofika wakati wa matangazo nikasimama na ukurasa wangu mkononi. Nilisema yote. Nikasema huyu ni mume wangu, huu ni mwandiko wake, hili lilikuwa pipa la bluu la nyumbani kwangu, na nilikuwa nimetoka kumzika mtoto ambaye hakupata hata jina. Nikasema, mnavaa barua yangu vifuani. Nirudishieni.

Nilidhani wataona haya. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Kinanda kikaanza. Kipaza akadakia, "Mmeusikia ushuhuda wa Mama Pipa!" Wanawake wakanivamia, wakaniwekea mikono tumboni, tumbo hili la uzee, wakaiombea mimba ile, wananguruma, mate yananirukia shingoni. Nikawa napiga kelele wanitoke, nao wanasema pepo linatoka.

Niliponyoka nikafika mlangoni, nikatapika kwenye chungu cha maua cha kanisa. Kijana wa vyombo vya muziki akanipiga picha. Sasa nikipita dukani naitwa Mama Pipa, na muuza duka anaona ni heshima.

Kwao nimemaliza, na kwenu nimemaliza. Ukiandika, niandikie habari za mvua.

Shangazi yako

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Habari za mvua: imenyesha, imekatika, imenyesha tena. Paa la jirani linavuja na letu linaelekea huko.

Kikundi nimekiacha. Hii si habari ya Biblia, ni habari yangu.

Mwanao

11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mvua hakuna. Binamu anasema u mzima lakini mlango hufungui, unaongea kupitia dirishani. Barua zangu mbili za katikati sijui kama zilifika.

Nijibu hata kwa tusi.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba zote unazonidai. Barua zako zilifika, hata zile mbili. Tusi nitakupa ana kwa ana.

Binti wa dada yako alikuja kunifulia mapazia. Yuko uani anafua, nikamsikia anaimba kwa lugha yetu. Nikaacha nilichoshika. Unajua watoto hawa, lugha wanaisikia matangani tu. Nikasogea dirishani nimfaidi, na kumbe ni pipa. Limetungiwa wimbo! Una kiitikio na kupokezana, na sauti yake nzuri mno, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nikamwuliza, mjukuu wangu, kwa lugha yetu unajua maneno gani mengine? Akafikiri, povu mpaka viwikoni. Akasema anajua salamu, na tusi moja.

Basi. Salamu, tusi na pipa. Tulikesha miaka yote ile, mume wangu macho yakaharibika, na hayo ndiyo yaliyobaki mdomoni mwa mtoto.

Kinyaa changu usidhani kimekwisha. Kipaza nikimwona navuka barabara na goti hili bovu. Lakini nikifa Zaburi zikiwa chini ya kitanda, pipa ndilo litakalokuwa Biblia yetu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimelisaidia. Hilo linanichefua kuliko njiwa na tumbo lake.

Binamu anakuletea bahasha. Ni Zaburi, zote. Usije kupiga picha, nimechoka na picha. Rudi kwenye kikundi chako, kwa hao wasiojuana sura. Nani alikutuma uwaache? Kazi wanaijua, adabu ndiyo hawana, na adabu watajifunza kwako. Mashine ihesabu inavyotaka, lakini kila mstari usomwe kwa sauti na mtu mwenye lugha, na mtu huyo ni wewe, kabla haujatoka kwenda kwa huyo yeyote wenu. Najua njiwa ataziiba. Aziibe zikiwa safi. Gurudumu litazunguka na tumbo litacheza, na katikati yake binti huyu atapata kitu kingine cha kuimba.

Maelezo ya tafsiri nimeyapiga chapa upya kwenye karatasi zake, mbali. Pembeni mwa kurasa zenyewe hutakuta kitu. Sehemu hizo nimezikata mwenyewe kwa mkasi, ukurasa baada ya ukurasa, na kila kipande nimekisoma kabla ya kukitenga. Vipande viko kwangu kwenye kopo la biskuti, na siku yangu ikifika nitaondoka navyo. Hilo nimeshamwambia binamu, na wewe nakwambia.

Usishangae karatasi kutolingana upana. Ukikuta moja nimeikata mpaka karibu na maneno, ujue siku hiyo mjomba wako alikuwa na mengi ya kuniambia.

Shangazi yako, si mama wa pipa lolote