Trei ya Rosa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Gulfton, huku ughaibuni, hatujambo, na babu yako anakusalimu. Umeuliza nani alinifundisha ile taco ya kuoka, chakula chenye jina nisiloweza kulitaja mbele ya wakwe.

Tulipohamia hapa, mama yako, akiwa na miaka sita, aligoma kula siku mbili. Jirani yetu Rosa, Mmeksiko, alisikia kilio chake kupitia ukuta. Akagonga. Niliogopa, sikufungua. Akagonga tena, akaita, "Mama!" Neno hilo nililijua, nikafungua.

Alikuwa ameshika trei ya moto: nyama ya kusaga, maharage, chipsi za mahindi, jibini juu. Mama yako akala, akaomba tena. Kesho yake Rosa akanionyesha kwa mikono: panga hivyo hivyo, oka mpaka jibini liyeyuke.

Rosa hakujua kama ningefungua, Neema. Alipika hata hivyo.

Bibi yako