Viberiti vinne vya choo

Kasulu, Jumatatu, Agosti 1976

Anastazia wangu ana safura! Binti wa kwanza darasani, ngozi inang'aa kama kapakwa mafuta, na bado Bwana Afya kalitaja jina lake mbele ya wazazi wote.

Kinyaa hakijanitoka. Wiki jana mwalimu alitaka kila mtoto apeleke choo chake ndani ya kiberiti kitupu, zahanati wakapime minyoo. Asubuhi ile jirani yangu Mama Yusta akaja na kiberiti mkononi. "Mama Anastazia, nigawie cha mwanao. Wako msafi, wangu atanitia aibu."

Nami kwa majivuno nikamgawia, kwa kijiti, huku nimeziba pua. Wakaja na wengine wawili. Nikawagawia pia! Nilijiona mama wa mfano. Ptuu!

Leo viberiti vyote vinne vimetoka na safura. Bwana Afya akashangaa, "Akina mama, watoto wenu wana tumbo moja?" Mama Yusta akanikanyaga mguu ili ninyamaze.

Lakini Yusta anakula udongo, tumbo limemvimba, na hakuna aliyempima. Kama ana mdudu mwingine, dawa ya mwanangu itamsaidia nini? Nikasimama, nikasema yote. Watu wakacheka, mwalimu akatema mate dirishani. Mama Yusta hanisemeshi.

Anastazia kameza dawa bila kukunja uso. Huyo ni damu yangu.

Wale watatu wanapimwa upya. Mwalimu kasema safari hii mtoto atajisaidia hukohuko shuleni, mama yake amesimama mlangoni, nami nikiwa shahidi. Sote tufike Alhamisi asubuhi.