Mtungi Umevimba Chini ya Kitanda

Shangazi Kalondu, shikamoo, nisaidie kabla kitu hakijalipuka, maana nakuandikia nikiwa kitandani na chini yangu kuna mtungi wa plastiki wa pombe ya miwa umevimba mpaka hausimami sawa. Mchumba wangu Abby ana mimba yangu na mimi sijawahi kufika kwao Werugha hata kubisha hodi, sasa babu yake, Mzee Thadeus, amesikia, amekasirika, haongei naye, na Abby kila siku analia kwa simu kwamba anaogopa kujifungua na hasira ya babu ikiwa juu yake. Mzee amekubali kutasa, yaani apige funda la pombe ateme chini na hasira itoke nayo, lakini bia ya chupa hataki, amesema, "Huyo kijana apike mwenyewe, niione mikono yake."

Na mimi hata uji sijui kupika, Shangazi! Nikaangalia video kwa simu, nikanunua juisi ya miwa, nikamwaga pakiti nzima ya hamira ya mandazi ili iive haraka, halafu kwa vile mwenye nyumba wangu Bi Rayhana ni Mwislamu na amenilea kama mwanawe na pombe haijawahi kuingia kwake, nikakaza kifuniko kabisa harufu isitoke. Joto la Voi unalijua. Leo ameniletea viazi karai akauliza, "Donald mwanangu, mbona chumbani mwako mwanuka maembe yaliyooza?" nikamwambia ni soksi. Nikifungua nitafukuzwa, nisipofungua utapasuka, nikimwaga babu atasema nimekataa. Nifanye nini?

Donald, Voi

Wee Donald! Weka hili gazeti chini, ukafungue huo mtungi kwanza. Utoe nje, ufunike na taulo, uso wako uwe mbali, ulegeze kifuniko pole pole mpaka hewa iishe. Pombe inayochachuka haikazwi kifuniko, lazima hewa ipate pa kutokea. Kisha mwaga yote, hiyo si ya kumpa mzee wa watu.

Pole, najua umeshikwa na woga. Lakini mimba ulimficha babu, mtungi unamficha Bi Rayhana, na vyote viwili ni vitu vya kuvimba! Soksi, kweli? Nenda leo umwambie ukweli na umwombe radhi. Atakugombeza. Nyamaza ugombezwe, umestahili.

Jumamosi panda Werugha. Beba sukari na majani ya chai, usibebe mtungi, na hiyo video iache hukohuko Voi. Mwambie Mzee Thadeus hujui kupika pombe na unaomba akufundishe. Atakufokea, halafu atakuonyesha miwa ya kutwanga. Kule kuna baridi, pombe haina haraka, na muda huo wote utakuwa umekaa mbele yake, Abby akiwaona. Mzee alisema anataka kuiona mikono yako. Ataionaje, Donald, kama umeificha Voi chini ya kitanda?