Foleni ya Kumgusa Piers

Thornwick, 24 Januari 1545

Mdogo wangu Gervase,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, ila baridi imetuingia mifupani. Wewe je, kikohozi kimekuachia? Nasikia ninyi wapishi wa hakimu mnanenepa tu.

Anayeniandikia ni Padri Symond, maana mimi na kalamu hatujuani. Ukiona makosa, ni yake.

Gervase, kaa kwanza. Wamemchukua mdogo wetu Hamon. Unamkumbuka Piers mchungaji, aliyekuwa akiung'oa ua wa miiba wa Bwana Thurlby kila ukipandwa kuzingira malisho yetu sote? Alikutwa mtaroni kichwa kimepasuliwa, ameganda kama gogo. Wakamleta kanisani, na wanaume wote wakapanga foleni kumgusa kama ilivyo desturi, kwa kuwa maiti hutoka damu akiguswa na muuaji wake. Wote wakapita salama. Hamon alipoweka mkono, damu ikachuruzika. Niliiona kwa macho yangu. Watu wakapiga kelele, "Ni yeye!" na Hamon kasimama tu, anakitazama kidole chake. Unamjua, maneno humjia kesho yake.

Yuko gerezani mjini. Kesi ni Machi, na baada ya kesi ni kamba. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu mama afe. Je, ni yeye? Nikiwaza hivyo naona aibu, na nikiacha kuwaza naiona ile damu.

Dada yako,
Thomasine

29 Januari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimepona, na huo unene ni uzushi. Barua yako niliisoma jikoni, nikaunguza mchuzi wa bwana mkubwa.

Hamon? Hamon yule anayeacha kuchimba mtaro mpaka chura apite? Hapana, dada. Sikubali.

Nijibu upesi. Mlimlaza wapi Piers? Moto uliwashwa? Na Hamon alikuwa wa ngapi kwenye foleni? Nauliza kwa sababu kulungu wa bwana huletwa hapa ameganda, ukimchoma kisu hatoi kitu. Akishakaa jikoni kidogo anaanza kuvuja damu mwenyewe, wala si mimi niliyemuua.

Mdogo wako,
Gervase

2 Februari, Sikukuu ya Mishumaa

Mdogo wangu,

Marahaba, na natumaini u mzima. Huku nguvu sina, lakini barua yako imenipa pumzi. Padri alipomaliza kunisomea aliirudia peke yake, mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo, moto uliwashwa. Wazee walilalamika vidole vinaganda, yakaletwa makaa na kuwekwa karibu kabisa na maiti. Na foleni ilipangwa kama ile ya mkate uliobarikiwa wa kila Jumapili: Bwana Thurlby mbele, wenye mashamba wakafuata, kisha mafundi. Hamon mchimba mitaro akawa nyuma ya wote, kule anakopewa makombo. Kila mtu alipiga magoti akasali, kwa hiyo tulikaa sana. Tena Bwana Thurlby alimgusa Piers akiwa na glavu. Alisema ni baridi.

Padri anataka niseme kwamba foleni aliipanga yeye. Haya, ameliandika mwenyewe.

Mwambie bwana wako, Gervase. Mpikie, mlilie, fanya lolote.

Dada yako,
Thomasine

7 Februari

Dada,

Salamu kwa haraka, afya ninayo. Nilimwambia bwana, akasema desturi ni desturi. Nikarudi jikoni nikalia juu ya vitunguu ili nipate kisingizio. Lakini bibi, mkewe, alikuwa amesikia. Akamwambia, "Si ujaribu kwa nguruwe, mume wangu? Ukishindwa tutamla kabla Kwaresima haijaingia."

Bwana amekubali. Wanakuja huko Alhamisi, na Hamon wanamleta. Mimi nimekatazwa, kuna wageni wa kulishwa. Dada, baridi ikikatika kabla ya Alhamisi tumekwisha. Niombee barafu.

Gervase wako

14 Februari

Dada,

Hujambo? Mbona kimya? Bwana hajarudi, na huku mvua inanyesha tangu jana. Kila tone linanipiga mimi. Hata kama ni habari mbaya, niandikie.

Gervase

16 Februari

Mdogo wangu wa moyoni,

Sisi wazima. Nimesema sisi, Gervase, na Hamon yumo. Amelala karibu na moto, miguu imevimba kwa pingu, anakoroma vizuri.

Alhamisi alfajiri niliikanyaga ardhi, ngumu kama jiwe, nikacheka peke yangu. Nguruwe alikuwa ameuawa jana yake akaachwa nje agande. Wakamlaza ghalani, makaa kando, na hakimu akaigeuza foleni. Hamon akagusa kwanza. Hakuna kitu. Wakapita mafundi, wakapita wenye mashamba, watu wanacheka, wengine wanamwamkia nguruwe. Mwishowe akaja Bwana Thurlby. "Mnanigusisha nguruwe mimi?" Mke wa hakimu akamjibu kwa upole, "Na glavu uvue, bwana."

Akavua. Alipoweka mkono tu, damu ikachuruzika. Kicheko kikaanza, kikakatika, maana Thurlby alikuwa ameshapiga magoti. "Nilimpiga mara moja tu! Sikujua atakufa! Ilikuwa kwa ajili ya ule ua!" Alikuwa anamwambia nguruwe, Gervase. Yeye aliamini kuliko sisi sote. Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena.

Jana Jumapili nilikwenda kanisani na Hamon. Akasimama nyuma, mahali pake. Padri akachukua kikapu cha mkate, akawapita mabwana wote, akaita, "Hamon!"

Kalamu imesimama kidogo hapa, mvumilie padri.

Hamon aligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Dada yenu,
Thomasine